Jaribio la Jumanne

Feni ilikuwa imesimama. Gesi iko chini ya nyayo zetu,
husema watu wa Mtwara, na umeme hukatika vilevile.
Nilikuwa nasahihisha kwa mwanga wa dirisha
alipobisha hodi, kidole kimoja tu mlangoni,
kama anayebisha kwa mkwe.

Sikudhani Likwata, mwaka wa pili, takwimu.
Nami, kweli, sikudhani
kwamba binti wa safu ya nyuma, asiyeuliza swali,
angekuja kuniuliza tarehe.

"Mwalimu, jaribio ni Jumanne saa tisa.
Kura ni Jumatano asubuhi.
Mimi nilijiandikisha Liwale."

Nikamwambia ratiba ilibandikwa zamani.
Nikamwambia wenzake walijiandikisha hapa hapa,
kituo chao ni hatua mia kutoka bwenini.
Nikamwambia, na hili ndilo linalonirudia usiku:
kura moja haibadili kitu.

Hakununa. Alivuta kiti bila kukaribishwa,
akachora njia juu ya meza yangu kwa kalamu iliyofungwa:
Masasi, Nachingwea, halafu vumbi.
Waandikishaji walipokuja na mashine yao
alikuwa likizo, anafyeka chini ya mikorosho na mama yake.
"Nilinawa mikono kwanza," alisema,
"ndipo wakanipiga picha."

Akanyamaza kidogo.
"Ulitufundisha wewe, mwalimu. Ukimwacha mtu nje
kwa sababu tu yuko mbali,
hukumpoteza yeye peke yake. Umewapoteza wa mbali wote,
na hesabu yako itasema uongo
kwa sauti ya ukweli."

Maneno yangu. Chaki yangu.
Niliyasema siku ile huku natazama saa.

Dokta Nampunju, mkuu wa idara, alikunja uso.
Akataja wakaguzi, akataja ukumbi, akataja utangulizi mbaya,
mwisho akauliza: "Kwani wako wangapi?"
Nikarudi darasani, nikaomba wanyooshe mikono.
Tandahimba. Ruangwa. Nanyumbu. Kilwa, wanne.
Mikono thelathini na mmoja
iliyokaa mapajani wiki nzima
ikingoja mmoja abishe hodi.

Jaribio likahamia Jumamosi.
Bi Anzawe wa bweni la wasichana,
afungaye geti saa nne kamili hata mvua inyeshe,
alikesha na tochi akiwapokea waliorudi,
akiwagombeza mmoja mmoja kwa kuchelewa
na kuwapakulia uji.

Haikuwatosha wote.
Gozbert Tibenda wa Karagwe alipiga hesabu ya siku na nauli
nyuma ya daftari, akaichana, akaitia mfukoni.
Jumatano alibeba madumu ya maji kwenye foleni ya Shangani,
akawashika mkono vikongwe kwenye ngazi,
kadi yake ya kura mfukoni mwa shati
imetulia kama tiketi ya basi lililokwisha ondoka.
Hilo sikuweza kulihamisha.
Linahitaji mlango mkubwa kuliko wangu
na mtu wa kuubisha.

Jumamosi saa tatu Sikudhani aliingia,
kamba za viatu zingali nyekundu kwa vumbi,
kidole kidogo kimeiva wino hadi kwenye ukucha,
na korosho za kuchoma ndani ya gazeti
alizompa Gozbert bila neno.
Sikumuuliza alimpigia nani.
Hilo halina alama.

Swali la tatu lilihusu sampuli.
Akalikosa.
Nilisoma jibu lake mara mbili, mara tatu,
nikitafuta pa kumshikia.
Hapakuwepo. Nikachora sifuri, nyekundu, duara kamili.
Alipokuja kuchukua karatasi aliitazama,
akatikisa kichwa, akacheka peke yake.

Sikumwongezea hata nusu.
Naye hakuomba.